Mgomba wa Babu Wabuge

Mama yangu, Nanzala, amemngoja baba yake tangu azaliwe. Babu Wabuge alikuwa kibarua wa Mzungu huko Soy. Siku moja Waingereza wakamwondoa machungani kwa ng'ombe, wakamvalisha kaptura ya jeshi, wakampeleka Burma kupigana na Wajapani. Wajapani! Walikuwa wamemkosea nini, jamani? Hakurudi. Hata mwili haukurudi.

Sisi Wabukusu, mtu akipotelea mbali hivyo, tunazika shina la mgomba badala yake. Mama alikataa katakata. Gari geni likipiga honi nje, anainua kichwa. Ukimwambia Mama, huyo mzee sasa angekuwa na miaka mia na kitu, anakununia hadi jioni.

Juzi daktari hapa Eldoret akamwambia moyo wake umechoka. Tukarudi nyumbani kwangu, mtaa wa West Indies. Ndipo akasema, "Nekoye, ita watu wetu. Nikitangulia mimi, nani atabaki akimngoja?" Nililia, sifichi.

Basi Jumamosi tukakutana shambani Soy. Mgomba umekatwa, umefungwa shuka nyeupe, na mchungaji amefika. Binamu yangu Walubengo akashika jembe, akauliza, "Kaburi liwe la urefu gani?"

 Wazee wote pale, hakuna aliyewahi kumwona Babu. Picha hatuna. Walubengo naye, mdomo hauna breki, akasema, "Si tukadirie tu? Kwani si ni mgomba?"

"Koma wewe!" nilimfokea. "Ungekadiria kaburi la babako?"

Mama akavua viatu. Akalala chali kwenye nyasi na gauni lake la kanisa, mikono kifuani. "Mama yangu alikuwa akisema nimechukua urefu wa mumewe," akasema. "Pimeni hapa."

Hakuna aliyesogea. Ikabidi mimi nichukue vijiti, nikachomeka kimoja kichwani, kingine miguuni.  Nilitaka kumwinua upesi, lakini yeye alikuwa ametulia tu, anatazama juu.

Walubengo akachimba akifuata vile vijiti. Mgomba ukashushwa, ukaenea vizuri. Mama akapiga magoti ukingoni, akainama mpaka nikamshika gauni asianguke.

"Baba," akaita. Sijawahi kumsikia akimwita mtu hivyo. "Ni mimi, Nanzala. Ulienda nikiwa tumboni, hujui kama ni msichana. Nilizaliwa salama."