Mabaka ya Absalom

Ngozi ya Absalom haikuwa na adabu. Ilistahimili jua la Kisumu, mbu wa ziwani na sabuni ya aina yoyote, lakini mtu akitaja Bondo, kijijini kwao, wakati wa chakula cha jioni, shingo inaanza. Kwanza anajikuna nyuma ya sikio kama anayewaza jambo. Kisha mabaka yanavimba shingoni, yanashuka kifuani, yanazunguka mgongoni, na kabla ugali haujapoa mwalimu mzima wa hesabu yuko sakafuni bila shati, amelalia saruji akitafuta baridi.

Mkewe, Seline, alikuwa amechoka. Tuseme hivyo hivyo bila kupamba. Alimpenda mumewe, lakini alichoka kumwekea kitambaa cha maji baridi mgongoni, alichoka kumtafutia mashati mapana ya pamba, alichoka kugombana naye asioge maji ya moto, maana mtu akiwashwa hudhani moto ni dawa. Zaidi ya yote alichoka na washauri. Mtaa wao mzima wa Kaloleni walikuwa madaktari. Jirani mmoja alisema ni samaki. Wakaacha mbuta, wakaacha omena, wakala kunde mpaka wakazichukia, na mabaka yakaja vile vile. Mwingine alileta shubiri iliyopondwa, ambayo haikuponya chochote na ikaharibu shuka nzuri. Shangazi Dorca, dada ya baba mkwe, alipiga simu kutoka Bondo kusema kwamba hiyo ni chira, ile laana inayomkausha mtu aliyevunja mwiko, na akauliza kama Absalom amenunua mabati kabla ya kaka yake.

Daktari wa ngozi hakuwa na maneno mengi. "Hii si laana, na samaki hawana kosa," alisema. "Kuna watu wasiwasi huwashika tumboni, huyu humtokea kwenye ngozi. Ukianza kuwashwa, mwalimu, meza kidonge hiki, tumia maji baridi, pumua polepole. Midomo au ulimi ukivimba, msingoje, kimbieni hospitali. Lakini tafuteni kinachomtia wasiwasi, la sivyo mtakuwa wateja wangu wa kudumu."

Seline hakuona haja ya kutafuta. Kilichomtia mumewe wasiwasi kilikuwa na jina, na jina lenyewe lilikuwa Owiti.

Owiti alikuwa kaka mkubwa wa Absalom, na kwa mila ya kwao mdogo hamtangulii mkubwa kutoka katika boma la baba na kufungua boma lake. Owiti aliishi Kitale akiuza vipuri vya trekta, na kila mwaka, kwa maneno ya Absalom, alisema atajenga Desemba. Desemba ikifika, anasema Pasaka. Basi Seline, mke wa ndoa, mama wa watoto waliokwisha kumaliza shule, akienda Bondo alilala katika simba, kile kibanda alichojengewa mumewe alipokuwa kijana, pembeni mwa geti la wakwe. Alitaka geti lake. Alitaka jiko ambalo akiweka sufuria, ataikuta pale alipoiweka. Tena alilitaka upesi, kwa sababu aliyepaswa kubeba jogoo na kwenda kuwaonyesha mahali pa kujenga ni baba mkwe, Mzee Tom, na Mzee Tom siku hizi alitembea akishika ukuta. Akifumba macho kabla ya hapo, jambo lingeangukia mikononi mwa ukoo, na ukoo wenyewe haukuweza kukubaliana hata juu ya nani achinje kuku.

Kila alipomwambia Absalom amkabili kaka yake, mabaka yalitoka. Ushahidi gani tena ulitakiwa? Alimchukia Owiti kwa dhati. Kila walipokutana mazishini alimpa chai isiyo na sukari kwa makusudi.

Mwishowe alimpigia simu mwenyewe. "Shemeji, njoo Bondo Jumamosi. Mzee anakutaka, na ngozi ya ndugu yako inakutaka."

"Nakuja," Owiti akasema. Na kweli alikuja.

Walikaa sebuleni kwa Mzee Tom, dirisha likielekea ziwani. Absalom alikuwa amekwisha kumeza kidonge, na bado vidole vyake vilikuwa nyuma ya sikio. Seline hakungoja chai imiminwe.

"Shemeji, mimi nitauliza wazi. Utajenga lini, ama utazuia watu mpaka wazeeke?"

Owiti akamtazama kwa mshangao. "Kwani hakukwambia? Si mimi nilimalizana na hiyo maneno kitambo. Nilimpigia nikamwambia, omera, ndugu yangu, wazee waniwekee tu kibanda cha miti kwa jina langu, wewe pita, ujenge. Akasema sawa."

Seline akageuka. Shingo ya Absalom ilikuwa imejaa. Akainuka akatoka nje, na mkewe akamfuata mpaka nyuma ya jiko, ambako alimkuta amevua shati na kuegemeza mgongo kwenye tangi la maji.

"Baba Sheryl, miaka yote hii nimemchukia mtu wa watu."

"Najua."

"Kwa nini?"

Alipumua polepole kama alivyofundishwa na daktari. "Mzee husemaje kila tukija hapa? Kwamba akishanionyesha mahali, kazi yake imekwisha, atapumzika. Mimi sitaki apumzike, Seline. Nikisikia jina la Bondo tu, naona jogoo, naona tunarudi kutoka kuonyeshwa mahali, naona analala haamki. Ningesema nini? Kwamba sijengi kwa sababu baba yangu atakufa? Ilikuwa rahisi kumtaja Owiti."

Seline alimhurumia. Pia alitamani kumpiga kwa kiatu. Hisia zote mbili zilikuwa za kweli, na hakuwa na nafasi ya kuchagua, kwa hiyo alimshika mkono akamrudisha ndani vile vile, bila shati, na mabaka yake yote mgongoni.

"Baba," alimwambia Mzee Tom, kwa heshima lakini bila kuzunguka, "mtoto wako anaogopa kujenga kwa sababu ulisema ukimaliza hiyo kazi utapumzika. Ndiyo maana ngozi iko hivi."

Mzee Tom alimtazama mwanawe kwa muda mrefu, kuanzia shingoni hadi tumboni. Akaweka kikombe chini.

"Nyathina," alisema, yaani mtoto wangu. "Mimi niliona unachelewa. Nilisema hivyo ili uharakishe."

Absalom alikaa chini akafunika uso, mabega yakitikisika. Owiti alisogea akamwekea mkono begani, akautoa haraka alipogusa lile joto, kisha akaurudisha. Mzee naye alianza kusema kwamba yeye hana mpango wa kwenda popote, kwamba hata daktari wake anajua.

Seline aliwatazama wote watatu, wanaume waliokuwa wamengojana kwa upendo mpaka yeye akaota mvi ndani ya simba. Alifuta machozi kwa hasira.

"Jumamosi ijayo jogoo anabebwa," alisema. "Na kabla ya hapo mtu yeyote asimwambie mwenzake kitu kama mimi sipo."