Jiwe Lililoyeyuka Ndani ya Beseni

Mkamwana wangu alikuwa mfagiaji wa idara ya miamba chuoni, miezi sita ya majaribio. Ijumaa ile ndiyo angepewa barua ya kudumu au aonyeshwe mlango. Nyumbani hatukuwa na mazungumzo mengine.

Idara yenyewe ni vyumba viwili. Kimoja cha hadubini, zimefunikwa vitambaa vyeupe. Kingine kina msumeno wa kukatia mawe na makabati ya droo nyembamba, kila jiwe na namba yake ya rangi. Wakaguzi walikuwa waje mchana. Asubuhi, fundi wa maabara, wanayemwita Msumeno, alimpa beseni.

"Shemeji, droo ya tisa ina vumbi. Loweka mawe yake yote."

"Hayaharibiki?"

"Jiwe liharibike kwa maji? Wewe nawe! Mvua inayanyeshea tangu enzi za Adamu."

Wakacheka wote wawili. Akaloweka mawe kumi na mawili, akaenda kupangusa hadubini moja moja, mpaka vile vioo vidogo vya chini. Aliporudi alikuta kumi na moja. Akapapasa beseni mpaka maji yakamwagika sakafuni, akakung'uta hata kanga yake.

Mkuu wa idara akaingia na wakaguzi, wanafunzi nyuma yao.

"La saba liko wapi?"

"Sijalichukua, mzee. Haki ya Mungu."

Mkuu akatazama maji, akatabasamu. "Najua hukuiba. Chota, uonje."

Akachota kwa kiganja, mbele ya watu wote.

"Ladha gani?"

"Ya... chumvi."

Darasa likaangua kicheko. Kumbe lilikuwa bonge la chumvi ya mgodini, dogo kama yai la njiwa, angavu kama kioo.

"Mama kafaulu mwaka wa kwanza!" Msumeno akapiga makofi.

"Si wewe uliyeniambia niloweke?"

"Mimi? Nilisema pangusa, shemeji. Masikio hayo nayo yakaguliwe."

Hapo ndipo mkamwana wangu alipokumbuka kuwa mdogo wa mke wa Msumeno alikuwa ameleta maombi ya kazi hiyo hiyo mara tatu.

Alipiga magoti. Mkuu akamwambia ainuke, anawachelewesha wageni, na kabla hajaondoka akaushe yale maji yaliyomwagika.

Akakausha. Akakamua tambara, akakausha tena kwenye pembe za kabati. Mkuu akamruka miguu, akamwambia Msumeno: "Mpigie simu yule mdogo wa mkeo. Aanze Jumatatu."