Sahihi ya Mzazi

Ilipofika saa mbili asubuhi mashuka ya wodi tatu yalikuwa yameshakamuliwa, na Mama Kemia alikuwa mbele ya pasi kubwa, ile ya rola mbili, akilisha shuka upande huu na mwenzake akilipokea upande wa pili. Kazi hiyo haitaki mtu mwenye mawazo. Ukichelewa kuachia ncha ya shuka, rola huvuta na vidole. Leo alikuwa ameshachelewa mara mbili.

"Wewe, tunza vidole," mwenzake akasema. "Utaendaje shuleni na mkono mmoja?"

"Mmoja unatosha. Sahihi naweka kwa wa kulia."

"Haya, ashaanza. Tangu ajue kuweka sahihi hatupumui humu ndani."

Mama Kemia akacheka na yeye, kwa sababu ilikuwa kweli. Mpaka mwaka juzi alikuwa akipokea mshahara kwa kutia dole gumba, na wino ule ulikuwa hautoki siku mbili hata kwa sabuni ya wodini. Kisha akajiunga na kisomo cha jioni, watu wazima kwenye madawati ya watoto wadogo, magoti yanagonga mbao. Herufi alifundishwa huko. Lakini kuziunganisha ziende kama uzi mmoja, na kuiacha ile ya mwisho ivute mkia, hilo alifundishwa na binti yake mezani nyumbani, kwenye mgongo wa kalenda ya zamani.

Binti huyo ndiye Kemia. Jina walimpa wafuaji wenyewe, siku alipomletea mama yake chakula akawakuta wakimimina dawa ya choo juu ya dawa ya kung'arisha mashuka. Alikuwa na miaka kumi na miwili. Aliwatoa wote nje, akafungua madirisha, kisha akasimama mlangoni akawaeleza ni hewa gani walikuwa karibu kuivuta. Tangu siku hiyo mtoto akawa Kemia, na mama akawa Mama Kemia. Sasa alikuwa amebakiza mwaka mmoja amalize shule, na leo shule ilikuwa imewaita wazazi.

Msimamizi alitazama saa yake kabla ya kutoa ruhusa. "Saa sita kamili uwe kwenye rola. Ikizidi, hiyo ni nusu siku."

"Nimekusikia, bosi."

Alivua buti za mpira, akavaa viatu. Koti la kazi hakulivua. Kurudi na kulivaa tena kungemla dakika.

Ukumbi wa shule ulikuwa umejaa. Ukutani kulikuwa na kitambaa kirefu: SIKU YA KUWAANDAA VIJANA KWA VYUO NA KAZI. Mgeni mwenye tai alikuwa akizungumza, anatembea huku na huku kama anayepima sakafu. Alisema mlango wa chuo hauulizi umetoka nyumba gani, unauliza umebeba nini kichwani. Wazazi wakapiga makofi. Mama Kemia alipiga mpaka viganja vikawaka, akamtafuta binti yake kwa macho kwenye safu za wanafunzi. Binti alikuwa akitazama viatu vyake.

Baada ya hotuba wakaambiwa majina yako ubaoni, nje. Karatasi mbili. Chumba cha Kwanza, maandalizi ya vyuo. Chumba cha Pili, maandalizi ya kazi. Masomo yanaanza leo leo, kengele ikilia.

Alisoma ya kwanza kwa kidole, jina baada ya jina, kama alivyofundishwa, bila haraka. Majina arobaini. Akafika chini, hakuliona la binti yake. Akajua ameruka mstari, maana bado huwa anaruka. Akaanza upya.

"Dada," mzazi mmoja mwenye kofia akamwambia taratibu, "jaribu hiyo nyingine. Mimi wangu nimemkuta huko."

Kwenye karatasi ya pili lilikuwa la saba. Jina la binti yake, lote, limeandikwa bila kosa hata moja. Mbele yake palikuwa na mahali atakapopelekwa kuzoeshwa kazi: IDARA YA KUFULIA, HOSPITALI. Maneno hayo hakuhitaji kidole kuyasoma. Yalikuwa yameandikwa mgongoni mwa koti alilovaa.

Alisimama pale huku watu wakimpita na kumsukuma, bega la huyu, mkoba wa yule, na yeye hakusogea. Alichokuwa akikisikia ni mvumo wa rola, ingawa rola ilikuwa mbali.

Mwalimu wa ushauri alikuwa na ofisi ndogo na sauti ya upole. Alimvutia kiti.

"Mwalimu, orodha ina kosa. Mwanangu ni wa nne darasani. Somo la kemia kapata tisini na moja."

"Namjua, ni mtoto mzuri sana. Hakuna kosa, mama." Akafungua jalada, akatoa fomu, akaigeuza imwelekee yeye. "Wewe mwenyewe umeridhia. Hebu tusome: 'Mimi mzazi naridhia mwanangu aandaliwe kwa kazi badala ya chuo.' Na hii hapa chini, si sahihi yako?"

Akaitazama. Ilikuwa yake. Ilikuwa imekwenda vizuri kuliko zote alizowahi kuandika, uzi mmoja toka mwanzo hadi mwisho, na mkia wake umekaa. Karatasi ya kwanza ya serikali maishani mwake. Siku alipoiandika alirudi nyumbani akaimba akipika.

"Niliiweka mimi," akasema. "Lakini karatasi ilikuwa haijajazwa. Karani pale getini aliniambia, mama, weka sahihi hapa kwamba jina la mtoto ni sahihi. Palikuwa na jina, na kazi ya mzazi. Hapa katikati hapakuwa na kitu."

"Wote waliweka hivyo hivyo. Sehemu ya katikati hujazwa na ofisi."

"Wote?"

"Wote."

"Na mtoto wa daktari, ofisi imemjazia nini?"

Mwalimu alinyoosha kona ya fomu iliyokuwa imejikunja. "Tusilinganishe watoto, mama. Chumba cha Kwanza kina viti arobaini. Kila kiti tunampa yule tunayeona atafika mwisho, na nyumbani kuna watu wa kumshika mkono. Ndiyo maana tunauliza kazi ya mzazi." Akainama mbele, akashusha sauti kama anayetoa zawadi. "Wako nilimtafutia nafasi mwenyewe. Hospitali iliomba vijana, nikasema, huyu mazingira anayajua, atakuwa karibu na mama yake. Nilidhani utafurahi."

Hapo ndipo Mama Kemia aliposhtuka zaidi kuliko pale ubaoni. Alikuwa ameingia akitafuta mtu mwenye roho mbaya. Mbele yake alikaa mtu aliyengoja kushukuriwa.

"Sahihi ni yangu, mwalimu," akasema polepole. "Ila si sahihi."

Mwalimu alitabasamu kidogo, kama mtu aliyesikia mchezo mzuri wa maneno. "Maji yakimwagika hayazoleki, mama. Fomu zimeshakwenda makao makuu."

"Mimi kazi yangu maji. Yakimwagika hatuyazoi, kweli. Tunapiga deki. Hatuyaachi mtu aje ateleze."

"Basi andika barua. Itajibiwa muhula ujao."

"Na Chumba cha Kwanza kinaanza lini?"

"Leo," akasema mwalimu, na kwa mara ya kwanza akatazama pembeni.

Binti alikuwa akimngoja kwenye varanda, ameegemea nguzo, mkoba kifuani. Hakuuliza kitu. Mama yake akamtazama usoni mpaka akaelewa.

"Ulijua."

"Tangu wiki iliyopita. Mwalimu wa ushauri alinionyesha fomu."

"Ukala, ukalala, ukaamka, ukanyamaza."

"Ulikuwa umefurahi, mama. Ulimwonyesha mpaka mwenye duka jinsi ulivyoandika. Ningekwambiaje kwamba sahihi ile ile…" Akaukaza mkoba kifuani. "Nilisema nitazoea. Kufua si dhambi."

"Nani kasema dhambi? Nimekulea kwa kufua." Akakitazama kidole chake cha gumba, kikavu, kimepasuka kwa sabuni. "Bora ningetia dole."

"Dole nalo wangelijazia, mama."

Saa ya ukutani ilikuwa imepita saa sita na robo. Nusu siku imekwenda, na msimamizi sasa hivi anaulizia, na mwenzake analisha shuka na kulipokea peke yake, akizunguka mashine.

Kengele ikalia. Wanafunzi wakaanza kugawanyika, hawa kulia, hawa kushoto, wakipeana viganja na kutaniana kana kwamba wanaagana kwa siku moja tu. Binti akainua mkoba akageukia kushoto. Mama yake akaukamata mkanda wa mkoba.

"Unakwenda wapi?"

"Chumba cha Pili."

"Kufanya nini? Pasi ile nitakufundisha mwenyewe Jumamosi moja, na vidole vyako vitabaki kumi."

"Mama, kule viti ni arobaini, na vina wenyewe."

"Kaa chini. Sakafu haina fomu."

Binti alimtazama muda mrefu, kama anayepiga hesabu ngumu. Kisha akaelekea kulia.

Mama Kemia akamfuata hadi mlangoni. Mwalimu wa chumba kile alikuwa dada kijana, chaki tayari mkononi, orodha mezani. Binti alipita kati ya madawati bila kumtazama mtu, akakaa sakafuni nyuma, mgongo ukutani, akafungua daftari juu ya magoti. Baadhi walicheka. Mmoja akanong'ona, "Kemia, umepotea njia." Msichana wa dawati la mwisho akasogeza miguu yake ampe nafasi.

Mwalimu akaita majina. Arobaini, na arobaini wakaitika. Akaweka orodha chini, akanyoosha kidole nyuma.

"Wewe uliyekaa chini. Sijakuita. Jina lako liko wapi?"

Binti akasimama, kama wanavyofundishwa kusimama mbele ya mwalimu.

"Liko Chumba cha Pili, mwalimu. Mimi niko hapa."

Mwalimu akageuka mlangoni kana kwamba anatafuta wa kumsaidia. Pale alikuwa amesimama mama mmoja mwenye koti la kufulia, amejaza mlango, na hakuonyesha dalili yoyote ya kuondoka.