Kilo Mbili za Familia

Udongo wa kaburi la mume wangu ulikuwa haujakauka shemeji yangu aliponiuliza ufunguo wa boti uko wapi. Hakuuliza watoto wamekula nini, wala kama nimepata usingizi. Aliniinamia sikioni kwa sauti ile watu wanayoitumia msibani, nikadhani ananipa pole.

"Shemeji, ule ufunguo wa boti. Usije ukapotea kwenye hekaheka hizi."

Nikampa. Mimi ni mtu wa kunyamaza, na siku ile nilikuwa nimenyamaza mpaka ndani.

Naandika haya kwa sababu mume wangu ameanza kunitoka. Sauti yake imeshakwenda. Kilichobaki wazi zaidi ni kidole gumba cha mkono wake wa kulia, kilivyojaa madoa meusi. Kichwa cha kamba wa baharini kina mwiba kwa mbele, mkali kama sindano, na yeye alivunja vichwa hivyo kwa gumba miaka yote aliyokuwa nahodha. Glavu aliivaa mkono wa kushoto tu. Wa kulia, alisema, lazima uhisi.

Boti yetu ni ndogo, ya mbao, ina injini ya dizeli na wavu wa kukokota chini ya maji. Alitoka nayo pamoja na fundi wa injini na mapacha wawili waliogombana tangu tumboni. Mimi nilikuwa wa nchi kavu: kununua barafu, kupeleka mzigo kwenye mizani ya mnunuzi, kugawa mapato. Kwanza ilitolewa gharama ya dizeli na barafu. Kilichobaki kilikatwa mafungu: la nahodha, la fundi, la kila pacha, na fungu la boti. Boti nayo ilipewa chake kama mtu, kikawekwa mpaka wavu uchanike au injini igome. Bahari ikinyima tulinyimwa wote, na hakuna aliyemkunjia mwenzake uso. Ikitoa, hata pacha mvivu alicheka.

"Boti inakula kabla ya mwenye boti," mume wangu alikuwa akisema. Kwa neno hilo nilipikia sufuria iliyozibwa tundu mwaka mzima, boti ikapakwa rangi mpya. Sikununa. Siku hizi naitazama ile sufuria na kuiona nzuri.

Baba mkwe wangu ni mtu mwema mwenye ugonjwa mmoja: hukubaliana na aliyesema mwisho. Baada ya msiba alituita sebuleni kwake. Nilisema mimi kwanza, maneno machache, kwamba boti ibaki mikononi mwangu kwa sababu ndiyo inayolisha watoto na wale wavuvi wako tayari kwenda nami. Baba mkwe akatikisa kichwa. "Ni haki yake," akasema.

Kisha shemeji akasimama. Yeye hasemi akiwa amekaa. Alizungumzia mtaji, akazungumzia soko, akazungumzia maono, na hapo katikati akamtaja marehemu kaka yake mara moja, kama mtu anayeweka chumvi. Mwisho akauliza, "Baba, mwanamke na boti wapi na wapi?" Baba mkwe akatikisa kichwa kilekile, kwa mwendo uleule.

Ikaamuliwa shemeji aiendeshe boti mpaka bahari itakapofungwa, yaani pale serikali inapozuia uvuvi ili kamba wazaliane. Ikijiendesha, itakuwa yake. Ikishindwa, iuzwe na familia igawane. Kwa njia zote mbili mimi nilikuwa nje. Kodi ya nyumba ilinishinda, na nilichobakiwa nacho kikawa sebule ya kaka yangu, mimi na watoto wangu tukilala chini baada ya wenye nyumba kumaliza kuangalia televisheni.

"Haki yako utaipata tu, shemeji," akaniambia, akanipigapiga bega. Mtu anayekwambia haki yako utaipata ujue ameshaitafuna nusu.

Akapanga chumba kimoja karibu na gati, kilichokuwa stoo ya saruji, akaingiza kiti cha ofisini chenye magurudumu. Sakafu ilikuwa ya udongo. Kiti hakikuviringika hata siku moja; alipotaka kugeuka alikinyanyua pamoja na nafsi yake. Akachapisha kofia zenye neno KAMPUNI. Hakukuwa na jina la kampuni, neno tu. Wavuvi wakaanza kumwita Mkurugenzi, naye akaitikia kwa furaha. Nilikuwa na hamu ya kumwonea huruma, lakini nafasi ilikuwa imejaa.

Siku ya kwanza ya kazi aliwasimamisha wote watatu mbele ya kiti, fundi na mapacha; usukani sasa ulikuwa wa pacha mkubwa.

"Mambo ya mafungu ni ya kizamani. Kuanzia leo nyinyi ni wafanyakazi. Mtalipwa mshahara, kama watu."

"Na kamba wakikosekana?" fundi akauliza.

"Mshahara ni mshahara. Kampuni haitegemei bahati."

Fundi akamgeukia pacha mkubwa. "Umesikia? Lishike neno hilo, usilidondoshe majini."

Nilimwelewa shemeji. Alikuwa ameuona msimu mnono uliopita, akaona mafungu ya wale watu yalivyojaa, roho ikamuuma. Hakujishughulisha kujua kwamba fungu hupungua pia. Mshahara haujui kama bahari imechafuka.

"Na fungu la boti?" nikauliza. Nilikuwa nimesimama mlangoni na kapu langu.

"Shemeji, boti ina tumbo?" Akacheka mwenyewe, akasubiri wengine, wengine hawakufika.

Baada ya hapo akagundua vichwa. Alienda kwenye mizani, akaona wanavyoleta mikia mitupu, akarudi ameshika shavu kama mwenye jino bovu.

"Theluthi ya mzigo inatupwa baharini! Miaka yote! Marehemu alikuwa anavua au analisha samaki?"

"Kichwa ndicho kinachooza kwanza, Mkurugenzi," fundi akasema. "Kinageuka cheusi, kinamwozesha na mwenzake. Kichwa cha kamba ni mgeni. Siku ya tatu si jembe unampa, unampa sanda."

"Kazi yako ni injini. Vichwa tuachie sisi."

"Hilo kweli. Vya kwenu mnavijua wenyewe."

Mapacha wakaangua kicheko, wakapatana kwa muda.

Barafu ilikuwa ya mwisho. Kuinunua alikuwa bado ananituma mimi; siku hiyo alikuja nami kiwandani, akatazama mabonge yanavyotelemka kwenye boti, akaniuliza bei, akashtuka.

"Kwani barafu si maji?"

"Ni maji."

"Sasa boti inaelea juu ya maji, halafu tunanunua maji?" Akawaagiza wapakie nusu. Akanitazama kwa namna ya mtu aliyemwonyesha mjinga njia. Nilimtazama pia. Nilikuwa nafikiria kwamba tumbo lililomzaa yeye ndilo lililomzaa mume wangu, na kwamba mama mkwe, Mungu amrehemu, lazima safari moja alichoka.

Kinachoniuma ni kwamba mwanzoni alifanikiwa. Safari zilikuwa fupi, za kutoka na kurudi, na wauzaji wa mitaani waliwachukua kamba wazima kabla vichwa havijabadilika. Uzito ukapanda. Mnunuzi mkubwa huwa na bei moja ya mikia na nyingine ya chini kwa kamba mzima, lakini wa mitaani hana bei mbili. Shemeji akamletea baba mkwe redio. Akaanza kunisalimu kwa kidole. Wavu ulipochanika pembeni, aliwaambia wafunge fundo, wakafunga fundo. Fungu la boti alikuwa amelivaa miguuni, viatu vyenye ncha.

Bahari ilipokaribia kufungwa akataka safari moja ya kishindo. Waende mbali, kwenye kina walikokwenda wakati wa mume wangu, wakae siku tatu, warudi boti imezama mpaka shingoni. Akamwalika mnunuzi gatini na kumleta baba mkwe aje ashuhudie. Mume wangu kwa safari kama hiyo alijaza barafu mpaka watu wakakosa pa kuweka miguu. Shemeji akasema nusu inatosha, siku zenyewe zina mawingu.

Nikamwambia, "Shemeji, ongeza barafu."

"Shemeji, wewe lia. Kulia ndiyo kazi yako kwa sasa, na hakuna anayekuharakisha."

Maneno hayo nimeyaandika kama alivyoyasema.

Boti ilirudi imelala kwa mzigo kweli. Kabla haijafungwa gatini, harufu ilishateremka. Mnunuzi, mtu mnene mwenye pete ya kijani, alinifahamu. Miaka yote alikuwa akiwabonyeza kamba wangu walio wazima na kuvuta pumzi ya huzuni kama aliyefiwa, apate kunipunguzia bei. Siku hiyo alibonyeza mmoja tu, kichwa kikadondoka chenyewe, cheusi, na maji yake meusi yakampaka kwenye pete. Hakuhuzunika hata kidogo. Baada ya kudanganya miaka mingi amepata kasoro ya kweli, uso ukamng'aa.

"Hawa ni chakula cha kuku," akasema. "Na kuku wenyewe wawe na njaa."

"Tajiri, toa vichwa tu, mikia ni mizima," shemeji akasema.

"Toa wewe."

Shemeji akainama, akashika kamba mmoja kwa vidole viwili kama anayeokota pete chooni. Mwiba ukamchoma. Akapiga kelele akamtupa. Mnunuzi akapanda gari lake akaondoka, na bei aliyoitaja kwa chakula hicho cha kuku haikutosha hata dizeli.

Tukaingia kwenye ile stoo: shemeji kitini, baba mkwe kwenye ndoo iliyopinduliwa, mimi mlangoni, na wavuvi watatu wamesimama na kofia zao mkononi.

"Mkurugenzi," fundi akaanza kwa adabu kubwa, "tumekuja kwa ule mshahara."

"Mshahara gani? Hamkuona mzigo?"

"Tumeuona. Tumeunusa pia. Ila mshahara ni mshahara."

"Kampuni haitegemei bahati," pacha mkubwa akamalizia. Alikuwa amelishika kweli, hakulidondosha.

"Hasara lazima tubebe pamoja! Sisi ni familia!"

"Familia ilikuwa kwenye mafungu," fundi akasema. "Sisi wafanyakazi."

Shemeji akanigeukia, yaani alikinyanyua kiti akakigeuza. "Shemeji, sema nao. Wewe wanakusikiliza."

Nilikuwa nimejifunza sebuleni. Nikamwacha aanze yeye. Akasema barafu ilikuwa mbovu. Akasema wavuvi ni wavivu. Akasema marehemu aliacha injini imechoka. Akasema iliyobaki ni kuuza boti, walipwe hawa, na yeye ana mteja. Baba mkwe kwa kila neno akawa anatikisa kichwa. Fundi naye akasema yake, baba mkwe akamtikisia. Pacha mkubwa akasema, pacha mdogo akampinga, wote wakatikisiwa. Kisha wakaishiwa.

Ndipo nikaingia ndani.

"Baba," nikasema, "hawa wanaachilia mshahara wote wakirudi kwenye mafungu, na mimi nikagawa kama zamani. Tuliongea gatini. Boti haitauzwa, na hakuna atakayekudai. Shemeji anipe ufunguo."

"Tumemsamehe," fundi akasema. "Sadaka. Kwa marehemu, siyo kwake."

Nilimkata jicho, kwa sababu alikuwa anaelekea kuwa wa mwisho. "Ufunguo, baba," nikasema tena.

Shemeji akafungua mdomo. Nikaukinga mkono mbele yake, mkono mtupu, uliofunguka, na sijui aliona nini hapo lakini mdomo ulifungwa. Baba mkwe akatikisa kichwa. "Ni haki yake," akasema, akasimama haraka, kama anayejua ugonjwa wake na kuogopa mtu mwingine asije akaongea. Nilimpenda kidogo kwa ile haraka.

Shemeji aliondoka na kiti. Alikibeba kichwani, magurudumu yakizunguka hewani kwa mara ya kwanza. Kofia ziliachwa, pacha mdogo anazitumia kama matambara ya injini.

Bahari ilipofunguliwa nilijaza barafu mpaka fundi akalalamika hana pa kukaa. Wavu ulitiwa viraka kwa pesa za viatu vyenye ncha, ambavyo baba mkwe, nikiwa nimesema mwisho, alimwamuru aviuze. Sasa mapacha wanavunja vichwa hukohuko baharini, na vilivyosalia navivunja mimi gatini. Glavu naivaa kushoto. Gumba langu limeanza madoa. Usiku navaa pete ya mume wangu na kulitazama, nalifananisha na lile ninalolikumbuka, bado halijafika.

Wiki iliyopita shemeji alimtuma mtu na mfuko. Ana wageni, eti nimpatie kilo mbili za familia, na kwa kuwa ni familia hatutazungumza habari ya bei.

Nilijaza vichwa. Vibichi, vya asubuhi ileile, nikaviweka kwenye mizani mpaka zikatimia kilo mbili, nikaongeza kimoja cha heshima. Mwenyewe alilia kwamba vinatupwa.

Fundi alicheka mpaka akashika nguzo. Nami nilicheka, mara ya kwanza tangu msiba. Kisha nikakumbuka kwamba mume wangu angempelekea mikia, ile mikubwa, na barafu juu yake ili isiharibike njiani. Angempelekea bila kusema neno, na mimi ningemgombeza mpaka tulale.