Jino Chini ya Tarumbeta

"Ukisukuma hapo, umejimaliza." Hivyo ndivyo Daktari Atuganile alivyomwambia Violet siku ile kliniki, Mwanjelwa, Mbeya, huku kidole chake chenye glavu kikiwa kwenye ufizi wa juu, mbele kabisa. Jino la hapo liliondoka siku bodaboda ilipoteleza kwenye tope na kumbwaga barabarani. "Skrubu iko ndani ya mfupa. Sasa tunaungoja mfupa uikumbatie, na mfupa wako, dada yangu, ni mwembamba. Mpaka mahindi yavunwe using'atie hapo, usigandamize kitu hapo. Siku ya kupima nitaigonga na kichuma. Ikilia ngii, imeshika, tunaweka jino. Ikilia du, imelegea, tunaitoa."

Violet aliitikia kwa kichwa. Hakumwambia daktari kwamba yeye ni mpiga tarumbeta. Na baba yake kule Iringa hakumwambia kwamba hana jino. Mtu mzima, mwenye duka lake la vitenge hapo Mbeya, anatunza siri mbili kwenye pengo moja! Mficha maradhi, kifo humuumbua, sawa. Lakini ungemjua Mzee Gerson, na wewe ungeficha.

Mzee Gerson aliongoza bendi ya tarumbeta ya usharika wao wa Kihesa, hukohuko Iringa, tangu Violet hajazaliwa. Kifua kilipomshinda kupuliza, aliendelea kuongoza kwa fimbo na kwa masikio, na masikio yake hayakuwa na huruma. Silvester, rafiki yake wa tangu ujana, alipowekewa meno ya bandia, Mzee alimsikiliza mara moja tu, akamnyang'anya tarumbeta mbele ya watu. "Plastiki haipigi tarumbeta," alisema. Silvester alilia, mwanaume mzima na mvi zake. Violet alikuwepo, aliona kwa macho yake.

Na mwaka huu haukuwa mwaka wa kunyang'anywa. Mama yake, Verediana, alizikwa Novemba. Bendi ile ina desturi yake: alfajiri ya Pasaka, kanisa zima likienda makaburini, kila aliyezikwa tangu Pasaka iliyopita hupigiwa ubeti mmoja juu ya kaburi lake. Mpigaji ni mmoja tu, na kama marehemu ana mtoto kwenye bendi, basi ni huyo mtoto. Verediana alikuwa na Violet.

Kwa hiyo Ijumaa Kuu Violet alipanda basi kwenda Iringa, pengo likiwa limefunikwa na jino la muda, lile la kuvaa na kuvua. Usingemjua. Alicheka na majirani, akala ugali kwa upande, mambo yakaenda.

Yakakwama Jumamosi, kwenye mazoezi. Violet alikishika kidomo cha tarumbeta kwa mbali, akakipeleka pembeni ya mdomo ili kisiguse pale mbele. Mzee Gerson akagonga fimbo, bendi nzima ikanyamaza.

"Nani anavuja?"

Macho ya Mzee yakapita mstari kwa mstari.

"Violet. Unapuliza kama mtu anayepoza uji."

Watu wakacheka. "Ni baridi, baba," Violet alisema.

"Baridi! Iringa umekuja leo?" Mzee alimkazia macho. "Kama umeshindwa, sema sasa hivi. Mwalimu Adrian atampigia mama yako."

Mwalimu Adrian, aliyekuwa akipiga vizuri kuliko wote waliobaki, aliinamisha kichwa akajifanya anafuta tarumbeta yake. Hakuitaka kazi ile, maskini.

"Nitapiga mimi, baba," Violet alisema.

Alipotoka nje alimpigia daktari simu. Alijificha nyuma ya kanisa kama mwizi. "Dokta, nikiisukuma kidogo tu? Mara moja?"

"Ukiisukuma na nini?"

"Tarumbeta."

"Wee Violet! Mbona hukusema?" Daktari alivuta pumzi. "Sikiliza. Kile kitu kitagandamiza jino la muda, na jino la muda litagandamiza skrubu. Usipige."

"Ni ubeti mmoja, dokta. Ni mama yangu."

"Pole, dada. Lakini mfupa hauhesabu beti. Mwambie baba yako."

Alikwenda kumwambia, kweli alikwenda. Alimkuta Mzee jikoni, amekaa karibu na jiko la mkaa, anaing'arisha tarumbeta kwa kipande cha kanga ya marehemu. Mzee hakuinua uso. "Mama yako alikuwa akinitania," alisema. "Ati yeye akifa, wewe ndiye utakayempigia, mimi nitakuwa nimeshachoka. Nikamwambia, nani kakwambia utanitangulia?" Akaendelea kusugua mahali palepale palipokwisha kung'aa. Violet akachuchumaa kando yake.

"Lete nikusaidie, baba," ndicho alichosema.

Alfajiri kulikuwa na ukungu mzito. Watu walisimama kati ya makaburi na mishumaa yao, masweta mpaka shingoni. Ilipofika zamu ya Verediana, Violet alisogea mbele. Mstari wa kwanza aliupiga kwa pembeni. Sauti ikatoka nyembamba, imejaa upepo. Akamwona baba yake amefumba macho, uso umekunjamana kama mtu anayeumwa. Mama yake azikwe kwa heshima vile, halafu mwanawe aje kumpulizia upepo? Hapana. Potelea mbali!

Akakileta kidomo katikati, akakikandamiza.

Sauti ilitoka safi, ikapasua ukungu. Mama mmoja akaanza kulia kwa sauti. Kwenye mstari wa tatu Violet alihisi kitu kinacheza ndani ya ufizi, kidogo tu, kisha maumivu yakapanda hadi kwenye jicho. Hakuacha. Alimaliza ubeti wote, noti ya mwisho akaishikilia mpaka pumzi ikaisha. Baba yake akamshika bega. "Hivyo ndivyo," alisema. Violet akameza damu, akatabasamu akiwa amefumba mdomo.

Siri ilivuja kwenye chai. Mzee aliona leso.

"Damu ya nini hiyo?"

Violet alichoka kudanganya. Alilivua jino la muda, akaliweka kwenye kisosi mbele ya baba yake, akamweleza yote, bodaboda, skrubu, na simu ya nyuma ya kanisa.

"Na asubuhi ukapiga hivyohivyo?"

"Ndiyo, baba."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nilimkumbuka baba Silvester."

Mzee aliondoka mezani bila kumaliza chai. Jumanne, Violet alipokwenda stendi, alimkuta baba yake ameshafika, amevaa koti lake la ibada, mkononi ana tiketi ya Mbeya.

"Kamwene, dokta," Mzee alimsalimu kwa Kihehe pale kliniki, kisha akakaa kwenye kona. Daktari Atuganile alimchoma Violet sindano ya ganzi, akaufungua ufizi kidogo. Aligonga kwanza jino zima la jirani. Ngii. Violet akashika mikono ya kiti. Daktari akagonga skrubu.

Du.

"Rudia," Mzee alisema. Alikuwa amefumba macho, kichwa amekiinamisha kama siku za mazoezi.

Du.

Hakuna aliyehitaji kuelezwa. Daktari alisema ataitoa, mfupa upone, auongezee mfupa mwingine, kisha wajaribu tena. Huenda ukapita mwaka. Hakuahidi kitu. Machozi ya Violet yalitiririka hadi masikioni. "Lakini nilimpigia mama," alisema kwa shida, mdomo umejaa pamba. "Si nilimpigia, baba?"

"Ulimpigia." Mzee alisogeza kiti karibu. "Mama yako amelala anangoja parapanda, Violet. Angeshindwa kukungoja na wewe? Yeye hakuwa na haraka. Mwenye haraka nilikuwa mimi."

Akatoa simu yake ndogo ya vitufe, akaishika mbali na macho akitafuta jina.

"Silvester? Ni Gerson. Ile tarumbeta yako ninayo bado. Njoo uichukue." Akasikiliza kidogo. "Ndiyo, ndugu yangu. Na meno yako hayohayo."