Tairi la Nyuma Kulia

Jailos alikuwa na desturi ya kulisikiliza tairi. Alilisimamisha mbele yake, akalipiga ngumi ubavuni, kisha akalitegea sikio. Tairi zima, alisema, hujibu kwa sauti moja. Tairi lenye ugonjwa hujibu kwa sauti mbili. Kwa miaka kumi na tisa alikuwa fundi wa matairi mjini Mbeya, na madereva wa malori waliokwenda Iringa hawakuona haya kumsubiri nusu siku ili apitishe viganja vyake kwenye magurudumu yao.

Mwaka ule wa 1956, Bwana Ahmadi mwenye gereji alitengeneza kigari cha mashindano. Alichukua mabaki ya gari dogo, akaondoa paa, milango na viti, akabakiza kiti kimoja, na bodi nzima akaiunda upya kwa bati jembamba. Wanaume wanne waliweza kukinyanyua na kukigeuza kitazame kilikotoka. Mwezi wa saba kulikuwa na maonyesho ya kilimo Iringa, na safari hiyo waliongeza mbio za mafundi wa gereji. Ahmadi alimchagua Sedekia akiendeshe. Sedekia alikuwa mtoto wa pekee wa Jailos.

Jailos hakupenda. Lakini kijana alikuwa na umri wa miaka ishirini na sita, ana mke na mtoto, na macho yake yaling'aa kila alipokigusa kile kigari. Jailos aliliombea jambo hilo wiki nzima, asubuhi kabla ya kazi na jioni baada ya kazi, akitumaini moyo wa Sedekia utageuka. Haukugeuka. Mwishowe alimwambia Ahmadi kwamba kama mtoto ni lazima akimbie, basi yeye ndiye atakayechagua matairi, na mtu mwingine asitie mkono.

Ahmadi alikuwa tayari amenunua matairi manne mapya, manene, yenye meno marefu, yale ambayo mafundi huyaita kashata. Alijivunia sana.

"Mapya ni mapya, Mzee Jailos," alisema. "Hata bibi harusi hapelekwi na kanga ya zamani."

Jailos alimweleza taratibu, kama alivyowaeleza wengi. Lori hushika njia kwa uzito wake; mzigo ndio unaolikandamiza tairi mpaka lizame udongoni. Kigari kile hakina uzito. Ukikivalisha tairi nene, ngumu, litadunda juu ya udongo kama mpira wa watoto, na kwenye kona gari litateleza kama sabuni. Gari jepesi linataka tairi jepesi, lenye ubavu mwembamba, kashata iliyokwisha kulika nusu, na upepo pungufu, ili mpira ulale chini na kushika. Tairi kama hilo alikuwa nalo. Alikuwa na manne, yaliyotoka kwenye gari dogo la daktari mmoja aliyerudi kwao. Aliyasikiliza yote manne, yakajibu kwa sauti moja.

Kwa kuwa jua na oili ya gereji huua mpira, alimpa Sedekia ayahifadhi nyumbani kwake Uyole. Alimwagiza ayaweke chumba chenye giza, yasimame, yasilaliane.

Ahmadi alikubali shingo upande, lakini siku ya safari aliyapakia na yale manene. "Ya kwako yakitushinda," alisema, "ya kwangu yatakuwepo."

Sedekia alitangulia Iringa siku ya Jumatatu, kigari kikiwa juu ya lori la kwanza; matairi yalibaki gizani, yasipigwe jua kabla ya siku yake. Siku ya Alhamisi Ahmadi na Jailos waliondoka Mbeya na lori la pili. Walipofika Uyole kulikuwa na baridi kali, na umande ulikuwa umeganda mweupe juu ya majani. Ahmadi alisimama kando ya barabara bila kuzima injini, maana siku kama hiyo ukiizima huna hakika ya kuiwasha. Alimhimiza Jailos afanye haraka.

Jailos alishuka peke yake kuelekea nyumba ya mwanawe. Alipokaribia alikohoa mara mbili kwa nguvu.

Kikohozi kile hakikuwa cha baridi. Kwao Wanyakyusa mke wa mtoto hamtazami baba mkwe wake, wala hasemi naye. Akikutana naye njiani huacha njia, huchutama majanini na kumpa mgongo mpaka apite. Naye baba mkwe humsaidia: hukohoa kwa mbali, hupita upesi, hajifanyi kuona. Wainjilisti walikuwa wakifundisha kwamba Wakristo wanaoshiriki meza moja hawana haja ya kukimbiana hivyo. Jailos alikuwa mzee wa kanisa, na aliyakubali mafundisho yao yote isipokuwa hilo. Alisema heshima haijamzuia mtu yeyote kuingia mbinguni. Katika miaka minne ya ndoa ya Sedekia hakuwa ameisikia hata siku moja sauti ya Atuganile, mke wa mwanawe, naye aliona hiyo ni sifa kwake na kwa binti yule.

Alisikia mlango wa nyuma ukifunguliwa, kisha nyayo zikipita haraka nyuma ya nyumba. Mtoto alikohoa. Basi Atuganile alikuwa amechutama nje kwenye baridi ile, na mtoto mgonjwa mgongoni, kwa ajili yake. Jailos aliona vibaya na kuharakisha.

Matairi yalikuwa yamesimama ukutani, chumbani, kama alivyoagiza. Kulikuwa na harufu ya majivu, na mafiga matatu yalikuwa karibu na ukuta, lakini hakutafakari. Nyumba ya watu ni nyumba ya watu, na chumba cha mke wa mtoto si mahali pa kuzungusha macho. Aliyapiga ngumi moja moja bila kungoja jibu. Barabarani Ahmadi alipiga honi. Jailos alibeba mawili, akayapeleka kwenye lori, akarudi kuchukua mengine.

Alipokuwa akitoka na yale mawili ya mwisho, sauti ilitoka nyuma ya nyumba, ikimwita baba kwa Kinyakyusa.

"Tata."

Jailos alisimama. Mwili wote uliingiwa na haya, kana kwamba amefungua mlango na kumkuta binti yule anaoga.

"Tata, lile moja..."

Alifikiri ana shida ya dawa ya mtoto, au chakula kimepungua. Mambo hayo yana njia yake. Angemwagiza Yudith, jirani, aje kumwuliza. Haikufaa yeye kusimama pale akamwacha binti wa watu ajivunjie heshima. Basi akafanya alichoona ni wema. Alianza kuimba wimbo wa kanisani kwa sauti kubwa, ili Atuganile ajue kwamba hakusikia, naye asije akaona aibu baadaye. Mara ya tatu sauti iliita, ikapanda, ikamfuata njiani. Jailos akaimba zaidi, mpaka akafika kwenye lori.

"Leo una furaha, Mzee Jailos," Ahmadi alisema akiingiza gia. "Hata jogoo wa Uyole umewanyamazisha."

Jailos aliufunga mlango wa lori, wakaondoka.

Uwanja wa mbio ulikuwa nje ya mji wa Iringa, eneo la nyasi kavu na vumbi jekundu, na njia ilipangwa kwa mapipa. Sedekia aliwapokea akicheka. Wakati huo huo alikuja kuwatazama Saulo, fundi Mhehe wa gereji moja ya pale pale Iringa, ambaye wote walisema ndiye atakayeshinda. Alikizunguka kigari mara mbili, mikono nyuma.

"Watu wa ndizi," alisema, "mmetoka mbali hivi kuleta kitanda cha mtoto?"

"Ndiyo," Sedekia alisema. "Tumesikia huku kuna mtu asiyelala."

Walicheka wote, na Saulo akawapa mkono.

Jailos alipokuwa akivalisha matairi kwenye rimu, kiganja chake kilisimama. Kwenye ubavu wa tairi moja kulikuwa na sehemu upana wa mkono, ngumu kidogo, inayong'aa kama kovu la mtu aliyeungua. Aliibonyeza kwa dole gumba. Alilipiga ngumi na kutega sikio, lakini uwanja ulikuwa na kelele za injini, asisikie kitu. Alimwuliza Sedekia yale matairi yalikaa wapi.

"Chumbani, Baba, gizani, kama ulivyosema. Mpaka naondoka Jumatatu hakuna aliyeyagusa."

Jailos alijiambia kwamba ni baridi. Mpira hukazana kwa baridi. Lakini wakati ule ule aliisikia tena ile sauti ikisema "lile moja", akaisukuma nyuma kama mtu anavyosukuma mlango wenye upepo. Kuchanganya tairi moja nene na matatu membamba kungelivuta gari upande mmoja. Kuondoa yote na kuvalisha ya Ahmadi kulikuwa kukubali mbele ya watu kwamba hekima yake ya miaka kumi na tisa imekosea. Akatafuta njia ya katikati. Njia ya mbio ilizungukia kulia, na gari likikata kona ya kulia mzigo wote huegemea magurudumu ya kushoto. Basi lile tairi alilifunga nyuma kulia, mahali pasipo na kazi. Alitia upepo pungufu, akafuta mikono, akakiombea kigari gurudumu kwa gurudumu.

Mbio za asubuhi zilikuwa nzuri kuliko alivyoota. Magari mengine yaliteleza kwenye kona mpaka yakaziba njia kwa vumbi; kigari cha Sedekia kilishika ardhi kama mjusi ukutani, kikamaliza cha kwanza. Ahmadi alimkumbatia Jailos mbele ya watu. Alisema hata ya kale yana maarifa yake. Saulo alikuja kuyatazama yale matairi membamba, akatikisa kichwa, asiseme utani.

Zilibaki mbio za alasiri. Kufikia hapo upepo wa Iringa ulikuwa umebadilika, na vumbi lote la kona ya mwisho liliwaangukia wageni waliokaa kwenye viti. Wasimamizi walishauriana kidogo, wakatangaza kwamba magari yatazunguka kinyume, kwa kushoto. Madereva walikuwa wamekwisha kupanga mstari.

Jailos alikamata jeki. Alijua upesi kuliko mtu yeyote pale uwanjani maana ya tangazo lile: sasa kila kona itaegemea nyuma kulia. Alipiga hatua tatu. Ahmadi alimshika mkono.

"Ukiligusa gari kwenye mstari tunatolewa, mzee. Kuna nini?"

Angeweza kusema. Neno moja lingetosha, na wangetolewa, na Sedekia angenuna siku mbili tatu, kisha angesahau. Jailos alimtazama mwanawe, ambaye alikuwa akivuta miwani ya vumbi machoni na kumwinulia kidole gumba. Akaiweka jeki chini. Akafumba macho akaomba, na maombi hayo yalikuwa rahisi kuliko kunyanyua jeki.

Mzunguko wa nne, kwenye kona ya mapipa mawili, tairi lilipasuka. Gari zito lingeburuza rimu na kusimama. Kigari kile hakikuwa na uzito wa kukizuia; kilinyanyuka upande, kikapinduka mara mbili, kikalipiga pipa. Saulo, aliyekuwa nyuma yake, aliacha njia, akaruka kutoka garini na kuwa wa kwanza kufika. Yeye na Jailos walimwinua Sedekia kwenye vumbi. Alikuwa hai bado. Hakulifikia lango la hospitali.

Kabla lori halijageuza kurudi Mbeya, Jailos alilitafuta tairi lile uwanjani. Mpasuko ulikuwa umeanzia pale pale palipong'aa. Alililaza kwenye lori karibu na mwanawe, akakaa kati yao usiku na mchana wa safari ile, na hakuna aliyemsikia akiomba.

Walimzika Sedekia Uyole. Siku za matanga wanaume walikaa nje na wanawake ndani, kwa hiyo Jailos na Atuganile hawakuonana, kama ilivyo desturi. Watu wa kanisa walikuja, wakaimba. Jailos hakufungua kinywa kwenye wimbo wowote, nao walifikiri ni uchungu tu.

Siku ya kumi, watu walipokwisha kutawanyika, alirudi peke yake. Alikohoa kwa mbali. Akasikia mlango wa nyuma na zile nyayo. Hakuharakisha. Alipita mpaka kwenye ukuta wa nyumba, akakaa chini, akauegemeza mgongo. Upande wa pili wa kona, hatua chache tu, mtoto alikuwa akikohoa.

"Mwanangu," alisema akiutazama mlima mbele yake. "Siku ile uliniita."

Alidhani Atuganile amekwisha kuondoka.

"Mara tatu, Tata," sauti ilisema.

"Nilisikia. Mara mbili nilisikia. Ya tatu niliimba."

Alimsikia akilia polepole, kwa namna ya mtu aliyeziba kinywa kwa kanga. Kisha, kidogo kidogo, habari ilitoka. Jumanne, baada ya Sedekia kuondoka, mtoto alianza homa ya kifua. Baridi ilizidi, Atuganile akauhamishia moto chumbani, akalala. Alipoamka aliona tairi la pembeni linafuka moshi ubavuni. Akalivuta, akalimwagia maji, akalipangusa, akaligeuzia ukutani. Hakujua kama limeharibika. Alijua tu kwamba mwenye kujua ni mtu mmoja, na huyo mtu mmoja yeye hakuruhusiwa kumsemesha.

"Nilikosa, Tata. Ningetoka nikakushika nguo."

"Hukukosa," Jailos alisema. Alitaka kuongeza neno, la faraja au la maombi, kama wazee wa kanisa wanavyofanya. Jua lilikuwa limefika kwenye ukuta lakini halikuwa na joto.

Atuganile aliuliza, kwa sauti ndogo, kama sasa aingie ndani, maana wakwe hawakai hivi.

"Kaa," alisema mzee. "Nieleze tena, tangu mtoto alipoanza kukohoa. Sema taratibu. Siondoki."

Atuganile akaanza tena, tangu Jumanne, tangu kuni zilipokuwa mbichi, na Jailos akasikiliza mpaka mwisho.