Swali la x² + 1

Mtihani wa misimbo, ile hesabu ya kusahihisha ujumbe ulioharibika njiani, ulirudi nikiwa nimefeli kwa swali moja.

“Babu, x² + 1 haina vigawo. Kaa chini,” alisema mwalimu.

Sikukaa. Nimeshindana na nati zenye kutu gereji miaka arobaini, sembuse kalamu nyekundu.

“Swali limeruhusu namba mbili tu, mwalimu, sifuri na moja. Humo, moja na moja ni sifuri, kama swichi: ukiibonyeza mara mbili, inarudi ilipokuwa.”

“Babu anahesabu kinyumenyume!” alidakia kijana mmoja. Darasa likacheka.

Nilichukua chaki, nikazidisha x + 1 kwa x + 1. Katikati zikatokea x mbili, zikafutana, ikabaki x² + 1.

Mwalimu alikuna kichwa. “Basi ungeonyesha njia.”

“Nimeionyesha. Geuza karatasi. Nakusubiri hapahapa, nimesimama.”